Hodi Isiyosikika: Uhakiki wa Sitiari za Mlango, Ufunguo na Wingu katika Lugha ya Kuifikia Nyumba Otomatiki kwa Njia ya Intaneti

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumika kueleza usalama wa nyumba otomatiki, yaani nyumba ambayo taa, vitasa, kamera, pampu na vihisi vyake huendeshwa na kompyuta ndogo iliyomo ndani, na ambayo mwenyewe huweza kuifikia kwa intaneti akiwa mbali. Kwa kuongozwa na Nadharia ya Sitiari Dhanifu, makala yanachunguza istilahi nne: mlango, ukuta wa moto, ufunguo na wingu. Hoja kuu ni kwamba kila mojawapo hufichua jambo moja la kweli na kuficha jingine, na kwamba lile linalofichwa ndilo linalomponza mwenye nyumba. Makala yanazipima istilahi hizo kwa dhana ambazo Kiswahili kinazo tayari, yaani komeo, sanduku la posta, amana na hodi. Yanahitimisha kuwa mfumo unaomtambua anayeingia bila kuwajulisha waliomo ndani haujautimiza usalama wa nyumba.

1.0 Utangulizi

Mtu aliyeko Maskati anayetaka kujua kama geti la nyumba aliyoijenga Unguja limefungwa, au aliyeko Dodoma anayetaka kuzima pampu ya maji huko Mbeya, anahitaji mambo mawili yanayovutana. Anataka nyumba imsikie yeye popote alipo, na wakati huohuo isimsikie mtu mwingine yeyote. Mafundi hutatua mvutano huo kwa zana za hisabati na za mtandao. Mwenye nyumba, kwa upande wake, huutatua kwa maneno. Hajui kinachotendeka ndani ya ruta, anajua alichoambiwa. Akiambiwa “fungua mlango”, atafikiri kama mtu anayefungua mlango. Akiambiwa data yake “iko kwenye wingu”, atainua macho juu na kuridhika.

Kwa sababu hiyo, lugha ya usalama si suala la pembeni linaloachiwa wafasiri baada ya wahandisi kumaliza kazi. Ni sehemu ya mfumo wenyewe, kwa kuwa maamuzi mengi yanayoilinda au kuiangusha nyumba hufanywa na mtu anayesoma maneno kwenye kioo cha simu. Istilahi za Kiswahili za uwanja huu kwa kiasi kikubwa zimetafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, na tafsiri hizo zimehakikiwa zaidi kwa kigezo cha usanifu wa neno kuliko kwa kigezo cha matokeo yake. Swali la makala haya ni la aina ya pili: je, maneno haya humfanya msomaji atende jambo gani?

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Lakoff na Johnson (1980) wanaeleza kuwa sitiari si pambo la lugha tu bali ni njia ya kufikiri. Mtu hulielewa jambo geni kwa kulivika umbo la jambo analolizoea, na katika kufanya hivyo baadhi ya sura za jambo lile geni huangaziwa na nyingine hufichwa. Sitiari ya vita katika mabishano, kwa mfano, huangazia ushindi na kuficha ushirikiano. Uhakiki huu unatumia wazo hilo kwa namna moja tu. Kwa kila istilahi unauliza: inaangazia nini, inaficha nini, na kilichofichwa kina gharama gani kwa mwenye nyumba?

Data ya uhakiki ni istilahi zenyewe pamoja na utendaji wa kiufundi unaorejelewa nazo. Njia tatu za kuifikia nyumba kutoka mbali zimezingatiwa, kwa kuwa ndizo za kawaida: kuruhusu mawasiliano ya nje yapite moja kwa moja kwenye ruta, kupitia seva ya kampuni, maarufu kama wingu, na kutumia mtandao pepe binafsi, ambao huiunganisha simu ya mwenye nyumba na mtandao wa nyumbani kana kwamba yuko sebuleni.

3.0 Mlango, Ukuta wa Moto na Anwani

3.1 Mlango usio mlango

Njia ya kwanza huelezwa kuwa ni “kufungua mlango” kwenye ruta. Kinachoitwa mlango ni namba kati ya 0 na 65535 inayoandikwa kwenye kila kifurushi cha data ili mashine inayokipokea ijue ni programu ipi inayokihitaji. Mlango wa mbao upo hata nyumba ikiwa tupu, ilhali mlango wa mtandao haupo mpaka pawe na programu inayosikiliza namba hiyo. Kwa hiyo swali la usalama halihusu ugumu wa ubao. Linahusu nani yuko nyuma ya namba, na anawajibu vipi wasiojulikana.

Sitiari ya mlango inaangazia ukweli kwamba pana sehemu ya kuingilia. Inaficha mambo matatu. Kwanza, inaficha idadi ya wanaopita njiani. Mlango wa Mtaa wa Kariakoo huonwa na wapita njia wa Kariakoo. Namba iliyofunguliwa kwenye intaneti huonwa na dunia nzima kwa wakati mmoja. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwa programu yao ya ZMap kuwa kompyuta moja yenye muunganisho wa kasi inaweza kuzipitia anwani zote za umma za IPv4, kwa namba moja ya mlango, katika muda usiofika dakika 45. Ushauri wa kubadili namba ili “kuuficha mlango” una thamani ndogo mbele ya mpekuzi wa namna hiyo. Auguste Kerckhoffs alikwisha kuonya mwaka 1883, akizungumzia maandishi ya siri ya kijeshi, kuwa mfumo hautakiwi kutegemea usiri wa muundo wake, bali ubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui.

Pili, sitiari inaficha nia ya mvamizi. Mwizi wa mlangoni huja kuchukua kitu. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliingia katika kamera, vinasa picha na ruta nyingi duniani kwa kujaribu orodha fupi ya majina na manenosiri ya kiwandani ambayo wamiliki hawakuyabadili. Haikuchukua kitu; iliviajiri vifaa hivyo. Tarehe 21 Oktoba 2016 vilitumika kuishambulia Dyn, kampuni ya huduma ya majina ya intaneti nchini Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa kwa watumiaji wengi. Mwenye kamera aliamka asubuhi akaikuta kamera yake mahali pake, inafanya kazi. Sitiari ya mlango haimpi neno la kuitaja hali ya nyumba isiyoibiwa kitu lakini inayotumika kuwadhuru wengine.

Tatu, sitiari inaficha kwamba ukuta unaweza kuwa na ufa pembeni mwa mlango. Machi 2023 ilitangazwa kasoro katika sehemu mojawapo ya Home Assistant, programu huria ya kuendesha nyumba iliyoanzishwa mwaka 2013. Kasoro hiyo, iliyosajiliwa kwa namba CVE-2023-27482, ilimwezesha mtu wa nje kuukwepa uthibitishaji wa utambulisho. Aliyekuwa na nenosiri refu hakuwa na nafuu kuliko aliyekuwa na fupi, kwa kuwa nenosiri halikuulizwa kabisa. Aliyekuwa na nafuu ni yule ambaye mfumo wake haukuachwa wazi kwenye intaneti tangu mwanzo, na baada yake aliyeweka sasisho mapema. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini maelekezo yanayosifu kitasa peke yake hayamkumbushi mtu kukagua ukuta.

3.2 Ukuta wa moto au komeo

Istilahi “ukuta wa moto” hutumika katika baadhi ya maandishi kuitaja sehemu ya ruta inayochuja mawasiliano. Neno la Kiingereza lililozaa tafsiri hii limetoka kwenye ujenzi: ni ukuta unaotenganisha sehemu za jengo ili moto usisambae. Katika Kiswahili uhusiano huo umegeuka. Kihusishi “wa” hakielezi kama ukuta unauzuia moto au umefanywa kwa moto, na msomaji asiyejua asili ya neno huona mwali unaowaunguza wavamizi. Sitiari iliyokuwa ya kujihami imekuwa ya kushambulia, na inaahidi ukali ambao ruta haina.

Utendaji wenyewe una neno la karibu zaidi. Ruta ya nyumbani, kwa kawaida, huruhusu mawasiliano yanayoanzia ndani kwenda nje, hukumbuka nani ameanzisha nini, na kuruhusu majibu yake tu kurudi. Kinachoanzia nje bila kuitwa hutupwa. Huo si ukuta, ni komeo. Wajuzi wa milango hutofautisha kufuli, linaloweza kufungwa na kufunguliwa kutoka nje kwa aliye na ufunguo, na komeo, ambalo huondolewa na aliye ndani. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa usalama wa mtandao wa nyumbani. Anayesoma “komeo” huuliza mara moja swali sahihi: ndani kuna nani anayeweza kuliondoa?

Swali hilo lina uzito. Ruta nyingi zina utaratibu wa UPnP, unaokiruhusu kifaa kilicho ndani kuiomba ruta ifungue njia ya nje, na ruta huitikia bila kumuuliza mwenye nyumba. Kamera ya bei nafuu inaweza kuliondoa komeo usiku na mwenyewe asijue. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukuta wa moto hauna nafasi ya hatari hii, kwa kuwa ukuta huwazia adui wa nje tu.

3.3 Anwani na sanduku la posta

Maelekezo ya kufungua mlango yanachukulia kuwa kila nyumba ina anwani yake kwenye intaneti. Anwani za IPv4 zina biti 32, hivyo haziwezi kuzidi 4,294,967,296, nazo hazitoshi. Mwaka 2012 kundi la anwani linaloanzia 100.64.0.0 lilitengwa rasmi ili watoa huduma wawaweke wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Watumiaji wengi wa intaneti ya simu wamo katika hali hiyo. Mtu wa namna hii anaweza kufungua mlango kwenye ruta yake mara mia na asifikike, kwa kuwa barabara haifiki kwake.

Afrika Mashariki ina picha kamili ya jambo hili: sanduku la posta. Kwa miaka mingi barua za familia zimepitia S.L.P. ya shule, ya kanisa, ya msikiti au ya mwajiri. Sanduku ni moja, wenye barua ni wengi, na barua isiyo na jina la ndani haimfikii mtu. Anayeyaelewa mambo haya ataelewa kwa nini yeye anaweza kuandika barua kwenda popote lakini mgeni hawezi kuja moja kwa moja mlangoni kwake. Ataelewa pia kwamba uamuzi mmoja umekwisha kufanywa kwa niaba yake: njia iliyobaki ni kuwa na mtu wa kati, au kuwa na mashine yake mwenyewe mahali penye anwani. Maelekezo yasiyotaja hali hii humsukuma kwenye wingu bila yeye kuchagua.

4.0 Ufunguo na Nenosiri

Kiswahili kimefanya vyema katika “nenosiri”. Neno hilo linaonyesha kuwa kinacholinda ni usemi, na usemi husikika. Anayelielewa hivyo atahofia kulisema mahali penye masikio, na atakubali kwa urahisi kwamba kuingia kwenye ukurasa wa nyumba yake kwa mawasiliano yasiyosimbwa ni sawa na kulitamka sokoni. Itifaki ya TLS, ambayo toleo lake la 1.3 lilichapishwa mwaka 2018, hufanya kazi mbili: huyafumba maneno hayo njiani, na humhakikishia msemaji kuwa anayesikiliza ndiye aliyekusudiwa. Kazi ya pili husahauliwa mara nyingi. Kumnong’oneza mtu siri sikioni si salama ikiwa sikio ni la mwingine.

“Ufunguo” una matatizo makubwa zaidi. Ufunguo wa chuma ukiibwa, mfuko huwa mwepesi. Ufunguo wa kidijitali ukiibwa hubaki mfukoni palepale; kilichoibwa ni nakala, na mwenyewe hana dalili. Kwa hiyo tabia njema ya mwenye funguo za chuma, yaani kuzipapasa mara kwa mara ili kuhakikisha zipo, haina faida hapa. Kinachofaa ni tabia ambayo sitiari haiitaji: kuangalia orodha ya walioingia, na kuzibatilisha funguo ambazo hazitumiki tena. Ndiyo maana inapendekezwa kila simu na kila kompyuta iwe na ufunguo wake. Simu moja ikipotea, ufunguo wake hufutwa na wengine hawasumbuki.

“Ufunguo wa umma” ni tafsiri inayopotosha zaidi. Msomaji wa kawaida hulazimika kuuliza: usalama gani huo ambao ufunguo wake umegawiwa kwa watu wote? Ukweli ni kwamba kinachogawiwa hufanya kazi ya kufuli lililo wazi. Yeyote anaweza kulichukua na kulifunga kwenye sanduku analomtumia mwenye kufuli. Anayeweza kulifungua ni mwenyewe tu. Katika kutia saini kazi hubadilika: cha siri huwa muhuri, na cha umma huwa kielelezo ambacho kila mtu hulinganisha nacho alama ya muhuri. Istilahi moja kwa kazi mbili inamhudumia mhandisi anayejua hesabu iliyo nyuma yake. Mwenye nyumba anahitaji maneno mawili, kufuli na muhuri, ili ajue kipi anaweza kumtumia fundi kwa ujumbe wa simu na kipi hatakiwi kukitoa kamwe. Kosa hapa si la nadharia. Anayefikiri kuwa funguo zote ni sawa anaweza kumpa fundi ule wa siri.

Kuhusu nenosiri la kiwandani, sheria imeanza kufika mahali ambapo lugha haikufika. Kiwango cha ETSI EN 303 645 cha mwaka 2020 kimeweka katazo la nenosiri moja la vifaa vyote kuwa sharti la kwanza, na Uingereza ililifanya katazo hilo kuwa sheria inayotumika kuanzia tarehe 29 Aprili 2024. Msingi wa hatua hizo ni kukiri kwamba “badilisha nenosiri” ni maelekezo ambayo watu wengi hawayafuati. Kitasa kinachouzwa na ufunguo uleule kwa wateja wote hakistahili kuitwa kitasa.

5.0 Wingu au Amana

Njia ya pili huondoa haja ya kufungua mlango. Kifaa kilicho ndani huanzisha mawasiliano kwenda kwenye seva ya kampuni. Simu ya mwenye nyumba nayo huenda kwenye seva hiyohiyo. Wawili hao hukutana hapo. Kwa upande wa komeo, njia hii ni nzuri: komeo linabaki mahali pake. Inafaa pia kwa wenye anwani ya pamoja. Uhakiki usiotambua ubora huu hautakuwa wa haki, kwa kuwa kwa nyumba nyingi wingu lililotunzwa vizuri ni salama kuliko mlango uliofunguliwa na mtu asiyejua alichofungua.

Tatizo liko kwenye neno. Wingu halina mmiliki, halina anwani, halina sheria ya nchi, na likitanda hakuna wa kulaumiwa. Seva ina vyote hivyo. Ni mashine iliyo ndani ya jengo, katika nchi fulani, chini ya kampuni inayoweza kuuzwa, kuvamiwa au kufilisika. Mwaka 2016 huduma iliyokitegemeza kifaa cha Revolv ilizimwa na kampuni iliyokuwa imeinunua, na vifaa vilivyonunuliwa kwa fedha halali havikufanya tena kazi. Mwaka 2022 seva za Insteon zilizimika ghafla. Nyumba za wateja hazikuvamiwa, ziliachwa.

Fikra za Kiswahili, zilizolelewa pia na sheria za Kiislamu za Pwani, zina dhana inayolingana na uhusiano huu: amana. Anayepokea amana ana jina. Hatakiwi kuitumia kwa faida yake bila idhini. Hutakiwa kuirudisha ilivyokuwa, na akiitumia vibaya ana hatia inayotajika, yaani khiyana. Sitiari ya wingu haizai hata swali moja. Dhana ya amana huzaa manne. Nani ameipokea? Anaweza kuifungua na kuitazama? Anaitumia kwa jambo gani? Akiondoka, itarudi vipi?

Swali la pili hutenganisha huduma ambazo neno wingu huzichanganya. Kuna mtu wa kati anayeipokea barua, kuifungua, kuisoma, kisha kuifunga upya na kuipeleka: data husimbwa kutoka simu hadi seva, na kutoka seva hadi nyumbani, lakini ndani ya seva iko wazi. Na kuna anayeibeba ikiwa imefungwa. Huduma ya Nabu Casa kwa watumiaji wa Home Assistant imejengwa kwa namna hii ya pili: seva husoma jina la nyumba inayotafutwa tu na kuyapitisha mawasiliano yakiwa yamesimbwa, kwa kuwa ufunguo wa siri wa kuyafungua unakaa nyumbani kwa mteja. Kwa mwenye kamera chumbani, tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti nyingine zote za bei na sura ya programu. Lugha isiyoweza kuitamka imeshindwa kazi yake.

6.0 Hodi

6.1 Mgeni asiyejibiwa

Desturi ya hodi hufahamika kotekote kwenye Kiswahili. Mgeni husimama nje, huita, husubiri. Mila hufundisha kuita mara tatu, asipoitikiwa, aondoke. Kuingia hakutokani na uwezo wa kuusukuma mlango, bali na jibu la aliye ndani. Hii ni kanuni ya udhibiti wa ufikiaji, nayo inaeleza njia ya tatu kwa usahihi ambao “mtandao pepe binafsi” hauwezi.

Chukua mfano wa WireGuard, itifaki iliyoingizwa katika kiini cha Linux toleo la 5.6 mwezi Machi 2020. Ukurasa wa kawaida wa kuingilia humjibu kila mtu. Humwuliza jina na nenosiri, na kwa kuuliza tu umekwisha kumwambia kuwa hapa pana nyumba, na ya aina gani. WireGuard haimjibu asiye na ufunguo unaotambulika. Kifurushi cha mgeni hutupwa kimya, na mpekuzi anayezipita anwani zote za dunia hawezi kutofautisha nyumba hiyo na kiwanja kitupu. Ni hodi isiyosikika. Aliyesajiliwa huitikiwa mara ya kwanza. Asiyesajiliwa hajui hata kama alikuwa mlangoni.

Hata hivyo, aliyeingia hapaswi kufika kila mahali. Nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, zimepangwa kwa hatua: daka, kisha kiwanda kilicho wazi juu, kisha msana, kisha ndani. Njia ya kuingilia imepindishwa ili mpita njia asione kilichomo. Mgeni wa biashara huishia nje, jamaa huingia zaidi, na wachache hufika ndani. Mtandao wa nyumba nyingi leo hauna hatua hizo. Balbu, kamera, televisheni na kompyuta yenye nyaraka za benki viko katika chumba kimoja, na anayemiliki balbu amekwisha kufika ndani. Kutenga mtandao wa vifaa na mtandao wa watu ni kurudisha daka na kiwanda mahali pake.

6.2 Mwenye nyumba asiyepiga hodi

Hapa ndipo dhana ya hodi inapoufikisha uhakiki mahali ambapo istilahi nyingine zote zimekwama. Mlango, ukuta, ufunguo na wingu vyote vinamwazia mvamizi kuwa mtu wa nje na mwenye nyumba kuwa mtu mmoja. Nyumba halisi ina watu wengi: mke au mume, watoto, wazazi waliokuja kuuguzwa, msaidizi wa kazi za nyumbani anayelala chumba cha uani. Anayeingia kwa mbali akiwa na ufunguo halali, kwa mawasiliano yaliyosimbwa barabara, anaweza kuitazama sebule bila yeyote aliyemo kujua. Kwa vigezo vya kiufundi, mfumo uko salama. Kwa vigezo vya desturi, mtu ameingia bila hodi.

Desturi haikumwachia hata mwenye nyumba uhuru huo. Baba anayerudi kwake hutoa salamu au hukohoa kabla ya kuvuka kizingiti, kwa sababu ndani kunaweza kuwa na wageni wa mkewe, na kwa sababu heshima ya waliomo haiishii kwenye hati ya umiliki. Sheria za kanda zinakaribia wazo hilo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inayaweka maskani ya mtu na mawasiliano yake binafsi chini ya hifadhi moja, na Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inavitaja vyote viwili katika haki ya faragha. Nyumba otomatiki ni mahali ambapo maskani na mawasiliano vimekuwa kitu kimoja. Haki iliyotolewa kwa “kila mtu” si ya mwenye akaunti peke yake.

Madhara yake yanaonekana wazi zaidi ndoa inapovunjika. Aliyehama huacha funguo za chuma mezani, lakini akaunti yake inabaki kwenye orodha. Anaweza kuzima taa, kubadili joto la chumba na kujua nani ameingia saa ngapi. Nenosiri lake ni refu, uthibitishaji wake ni wa hatua mbili, na namba yake ya siri hubadilika kila baada ya sekunde 30 kama inavyotakiwa. Kila kinga iliyowekwa dhidi ya mvamizi sasa inamlinda yeye. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, wahenga walisema. Mfumo huu umempa asiyelala ndani uwezo wa kuzijua ila zote.

Hodi ya kidijitali si jambo gumu. Ni taa inayowaka kwenye kamera pindi inapotazamwa na isiyoweza kuzimwa kutoka mbali. Ni sauti fupi mtu anapoingia. Ni daftari la maingio linaloweza kusomwa na kila mkazi mtu mzima. Ni swichi ya ukutani inayoshinda amri ya simu. Haya hayahitaji hisabati mpya. Yanahitaji lugha inayoyataja kuwa sehemu ya usalama, badala ya kuyaacha yaonekane mapambo.

7.0 Pingamizi

Inaweza kudaiwa kuwa dhana zilizopendekezwa nazo ni sitiari, na kwa hiyo nazo zinaficha. Dai hilo ni kweli. Hodi inaficha kwamba mashine haioni haya wala haichoki. Haiiti mara tatu ikaondoka, inaita mara milioni. Amana inaficha kuwa data inaweza kunakiliwa na kurudishwa nzima huku nakala ikibaki. Komeo linaficha kuwa ruta yenyewe ni kompyuta yenye kasoro zinazohitaji masasisho. Tofauti ni kwamba dhana hizi huelekeza maswali kwa watu wanaotajika: aliye ndani, aliyepokea, aliyeitikia. Istilahi zilizohakikiwa huelekeza macho kwenye vitu.

Inaweza pia kudaiwa kuwa kijana aliyelelewa kwenye ghorofa lenye kengele na mlinzi hajui daka wala komeo. Pingamizi hili lina nguvu kwa daka, lakini halina nguvu kwa hodi, ambayo bado hupigwa kwenye milango ya ghorofa na hata kwenye mazungumzo ya simu. Isitoshe, makala haya hayadai kuwa istilahi zilizozoeleka zifutwe. Yanadai kuwa zisiachwe peke yake katika maelekezo yanayomkabidhi mtu nyumba yake.

8.0 Hitimisho

Uhakiki umeonyesha kuwa istilahi ya mlango huficha ukubwa wa hadhira na ufa wa ukutani, ukuta wa moto huficha msaliti wa ndani, ufunguo huficha nakala, na wingu humficha mtu aliyeshika amana. Umeonyesha pia kuwa nenosiri ni istilahi iliyofaulu, kwa kuwa inamwonya mtumiaji kuhusu hatari halisi. Kigezo kilichotumika kinaweza kutumiwa na waundaji wa istilahi kwa ujumla: neno la usalama lipimwe kwa swali linalomfanya msomaji aliulize kabla hajabonyeza.

Swali kubwa la maandishi ya usalama limekuwa hili: je, anayeingia ndiye mwenyewe? Swali hilo ni la lazima, na njia za kulijibu zimekomaa. Desturi ya hodi inaongeza la pili: je, waliomo ndani wamejua kuwa ameingia? Mfumo unaojibu la kwanza bila la pili umeilinda mali. Watu waliomo bado hawajalindwa.